Lenzi ya Fundi Pindo

Mkono wa kulia wa Fundi Pindo ulianza kumkataa wakati wa kutunga uzi. Kwanza alilaumu sindano. Halafu akalaumu uzi, halafu taa ya chumba cha kushonea, akabadilisha balbu. Jina la Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa pindo lake la suruali lilikuwa halionekani. Mtu aligeuza nguo nje ndani akatafuta mshono kama anayetafuta chawa, asiuone. Sasa mapindo yalianza kwenda mrama. Siku mkasi ulipopita pasipostahili na kuchana bega la koti la mteja, aliliweka koti mezani, akafunika cherehani, akamwita mkewe.

"Mama Pacha, njoo uone. Mkono huu si wangu."

Mama Pacha alikuwa mpiga pasi katika hoteli, mikono yake imezoea joto hadi haisikii. Aliuchukua ule mkono akaubana kati ya viganja vyake, ukatulia. Alipouachia ukaanza tena, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayesokota uzi.

Daktari aliwaambia ni ugonjwa wa ubongo na neva, si uchovu wala si uzee. Hautoki. Dawa zingeusukuma nyuma, nao ungekuwa unarudi.

"Na cherehani?" aliuliza Fundi.

"Tafuta kazi nyingine, mzee, wakati bado una nguvu."

Walirudi nyumbani. Binti zao pacha walipopiga simu jioni kutoka kwa waume zao, baba yao aliwaambia amepewa vidonge, basi.

Wazo la kamera lililetwa na shemeji, mdogo wake Fundi, dereva wa lori, mtu wa maneno mengi ambaye Mama Pacha alipenda kumwambia kwamba alizaliwa mdomo ukatangulia, mwili ukafuata baada ya siku mbili.

"Kaka, wewe maisha yako yote kazi yako imekuwa kumtazama mtu," alisema. "Mtu akiingia hapa unajua bega lipi limeshuka, nani anaficha tumbo. Sasa mtazame vilevile, ila badala ya kumkatia nguo, mpige picha. Walewale uliowashonea watakuja."

"Kwa mkono huu?"

"Kamera za siku hizi zina akili kuliko wenyewe wanaozishika. Muulize mkeo, hata mimi nimewahi kutoka vizuri."

"Hiyo kamera ilikuwa mbovu," alisema Mama Pacha, na Fundi akatabasamu. Wakati ule bado alitabasamu.

Cherehani ya pili, ile ya kufunga kingo, ilipata mnunuzi, wakaenda dukani watatu. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Shemeji ndiye aliyetangulia kaunta.

"Dada, tupe yenye megapikseli nyingi kuliko zote humu ndani. Na lenzi, tupe ile pale." Alionyesha lenzi ndefu kama bomba la maji.

"Ile ni ya kupigia ndege na wacheza mpira. Mnapiga ndege nyinyi?"

"Tunapiga watu."

"Sasa watu mnawakimbia kwa nini?"

Mama Pacha alicheka. Muuzaji akamgeukia Fundi, kama aliyekwisha kujua nani mnunuzi na nani mpiga kelele. "Ushawahi kushika kamera kubwa, mzee?"

"Sijawahi. Nataka kupiga picha za watu waliovaa wakapendeza. Wamesimama tu."

Aliwawekea mbili mezani. "Hizi zote ni DSLR, kamera kubwa za kubadilisha lenzi, za anayeanza. Hii ni mpya, nyepesi, kioo chake cha nyuma kinageuka kila upande. Hii nyingine imetumika, nzito kidogo, lakini imekaa mkononi. Picha zake nikikuwekea pamoja hutazitofautisha. Megapikseli ni za mtu anayetaka picha kubwa kama ukuta. Chukua hii ya zamani, nguvu zako uzipeleke kwenye lenzi. Kamera yenyewe ni mwili tu. Jicho ni lenzi."

"Si nilisema mimi," alisema shemeji.

"Hukusema," walijibu wote.

Muda wote huo mkono wa kulia wa Fundi ulikuwa mfukoni. Muuzaji alifunga ile lenzi ndogo ya kawaida, ile inayokuja na kamera, inayovuta kidogo na kurudi kidogo, akamkabidhi. Hakuwa na la kufanya ila kuutoa. Alipoinua kamera usoni, mkono ulikaa kimya kidogo, kama unaotafakari, kisha ukaanza. Alipiga rafu ya mikoba iliyokuwa kona ya duka. Kwenye kioo mikoba ilitoka na kivuli, kila mmoja mara mbili.

Muuzaji aliitazama picha. Hakuutazama mkono. "Imeanza muda mrefu?"

"Mwaka jana."

"Lenzi hii ina kitu ndani kinachotuliza mtikisiko. Kinasaidia mtikisiko mdogo, ule wa mtu kupumua. Wako umekizidi, sitakudanganya. Na ile ndefu ya ndugu yako ndiyo ungekoma kabisa, maana kadiri lenzi inavyomvuta mtu karibu ndivyo inavyoukuza na mtetemo."

Alifungua droo, akatoa lenzi fupi, nyepesi, ya plastiki, ambayo mtu angedhani ni kifuniko cha nyingine. "Hii ni ya milimita hamsini. Haivuti hata kidogo. Ukitaka mtu aonekane karibu, mfuate kwa miguu yako. Haina cha kutuliza. Lakini tundu lake ni kubwa, inakunywa mwanga. Na ikinywa mwanga mwingi, kamera hufumbua na kufumba upesi mno. Mkono haupati nafasi ya kuharibu. Twende mlangoni penye jua. Mama, simama hapo."

Mama Pacha alisimama na mkoba wake begani. Nyuma ya Fundi, shemeji alikuwa akijipimia mkanda wa kamera kiunoni, ukigoma kufika. Fundi akaminya kitufe, kamera ikalia, chap.

Muuzaji aliikuza ile picha kwenye skrini, akaikuza tena. Kitambaa cha kichwa cha Mama Pacha kilionyesha nyuzi. Kwenye kola ya gauni lake ulionekana mshono, mshono wa Fundi mwenyewe wa miaka ile, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Mama Pacha alikuwa anacheka hadi gego.

Fundi aliitazama kwa muda. "Haijatikisika," alisema.

"Haijatikisika. Lakini ndani ya chumba chenye giza itatikisika, usije ukanilaumu. Huko utaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Nje, mchana, hii inakutosha."

Wakachukua kamera iliyotumika, lenzi ya hamsini na stendi. Njiani Fundi alibeba mfuko mwenyewe, hakukubali kusaidiwa.

Alijifunza kwa bidii ya mtu aliyekuwa anazama akashika ubao. Asubuhi, vidonge vikiwa vimeshika, alitoka nje ya chumba chake cha kushonea akapiga ukuta, mlango, ndoo, paka wa jirani. Alijua saa ambayo jua lilikuwa linaupiga ukuta wa mbele bila kuchoma macho ya mtu. Aliupaka ukuta ule rangi ya kijivu. Wateja wakaanza kuja, walewale wa zamani, na kwa mara ya kwanza tangu koti lile lichanike sauti yake ilisikika uani ikiamrisha: shusha bega, vuta tumbo kidogo, mkono huo usiuning'inize kama nguo ya kuazima. Picha zilitoka kali. Hata muuzaji wa kamera, Fundi alipompelekea kumwonyesha, alivaa miwani yake akasema hakuna wa kumpiga chenga kwa mavazi.

Lakini waliokuja mara moja hawakurudi.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani yao, mama mnene mcheshi aliyeuza mitumba, ambaye kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Alimletea Mama Pacha picha yake kwenye bahasha, amekunja uso.

"Mama Pacha, picha ni safi, sisemi. Kila kifungo kinaonekana. Ila mwenzangu, niangalie. Si naonekana kama nimetoka kuzika?"

Jioni ile, Fundi akiwa amelala, Mama Pacha alizitoa picha zote akazipanga juu ya meza ya kupigia pasi. Mabega yalikuwa sawa. Kola zilikaa. Na juu ya kila kola palikuwa na uso wa mtu aliyeitwa ofisini kujieleza. Midomo imefungwa, macho yanaomba radhi. Vijana, wazee, mpaka bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa haachi kuchekacheka pale mlangoni. Alipekua mpaka chini akitafuta hata mmoja aliyecheka. Hakumpata.

Aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye kigoda uani mteja mwingine alipokuja. Alikuwa kijana fundi bomba aliyetaka picha ya kumtumia mchumba wake. Aliingia akitania, akasimama ukutani akiwa bado anatabasamu. Fundi akamtazama, aone bega. Mama Pacha naye akamtazama Fundi, akamtazama kama mgeni amtazamavyo.

Uso wa mumewe ulikuwa umesimama. Haukukasirika, haukuhuzunika, ulisimama tu, kama saa ya ukutani iliyokwisha betri. Macho hayakupepesa. Alikuwa akisema, "Vizuri, kijana, vizuri sana, hapohapo," kwa maneno ya upole, na uso haukuyafuata maneno. Tabasamu la fundi bomba likapungua, likapungua, akameza mate, akanyoosha mikono ubavuni. Chap.

Mama Pacha alikuwa ameishi na uso ule kila siku, ndiyo maana hakuuona ukiondoka. Uliondoka kama maji ya mtungi wenye ufa.

Siku ya kliniki alimvizia daktari mlangoni, Fundi akiwa ametangulia. Daktari alisema ndiyo, misuli ya uso nayo hukakamaa, ni ugonjwa uleule. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hajui. "Ndani anahisi anacheka kama zamani," alisema. Mama Pacha akauliza kama kuna dawa ya hilo. Daktari akasema ni dawa zilezile, na dozi ilikuwa tayari kubwa.

Hakumwambia mumewe. Angemwambia kwa maneno gani? Alijipa wiki, wiki ikaisha, akajipa nyingine.

Fundi naye hakuwa mjinga. Alikwisha kuona kwamba watu wake hawafurahi. Lakini alilaumu kama alivyolaumu uzi na balbu.

"Ni hii lenzi," alisema. "Haivuti. Inabidi nimsogelee mtu mpaka karibu na pua, anaogopa. Nikipata inayovuta, nikakaa mbali, kamera ikiwa kwenye stendi, atasahau kama nipo."

Walirudi dukani. Fundi alijieleza vizuri, na lilikuwa jambo la maana. Muuzaji mwenyewe alisema wapo wapiga picha wanaofanya hivyo. Kisha akamtazama Fundi usoni, akamtazama Mama Pacha juu ya bega la Fundi, na Mama Pacha akainamisha kichwa. Muuzaji akavua miwani.

"Labda," alisema polepole. "Usinunue kwanza, mzee. Nitakuazima. Nenda kajaribu, ikikufaa tutazungumza."

Aliwapa lenzi ndefu kiasi, yenye kitulizo, akamfundisha Fundi kukizima kamera ikiwa juu ya stendi. Fundi aliijaribu kwa jirani wa mitumba, akiwa amesimama ng'ambo ya ua. Picha ilitoka laini, ukuta wa nyuma umeyeyuka vizuri. Na jirani katikati yake, amenuna vilevile.

Jumapili mchana Fundi aliirudisha lenzi ya hamsini kwenye kamera, akaifunga juu ya stendi, akamwita mkewe.

"Nitasimama mimi, upige wewe. Nataka kujua anayesimama hapa anapatwa na nini."

"Baba Pacha, tule kwanza."

"Chakula hakikimbii."

Alikwenda kwa hatua zake fupi za siku hizi, akaegemea ukuta wa kijivu, akashusha bega kama alivyowafundisha wengine. Mama Pacha aliinama nyuma ya kamera.

"Sema kitu cha kuchekesha," alisema Fundi.

"Sina."

"Basi nitasema mimi. Unakumbuka mdogo wangu alivyokuja kukuposa kwa niaba yangu, akasahau jina langu?" Sauti yake ilikuwa imejaa kicheko. "Akamwambia baba yako, 'Nimetumwa na huyu... huyu mrefu.' Piga, piga, nacheka!"

Chap.

Alikuja kuangalia. Aliinama juu ya skrini. "Umechelewa. Hukunipata nikicheka. Tena."

Alirudi ukutani. "Nacheka. Sasa!" Chap. Akaja. Akarudi. Chap. Mara ya nne hakurudi ukutani. Alizipitia zote nne, mbele na nyuma, kidole kikigongagonga kitufe na kuruka picha asizotaka. Zote zilikuwa moja. Mzee mrefu aliyevaa shati lililokaa vizuri, uso mtupu, anautazama ulimwengu kama ukuta unavyoutazama.

"Mama Pacha. Nilikuwa nacheka."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikusikia."

Fundi akamgeukia. "Ulikuwa unajua kabla ya leo?"

"Tangu picha ya jirani. Daktari anasema ni ugonjwa uleule. Sikuwa na mdomo wa kukuambia."

Fundi aliinua mkono akajigusa shavu kwa ncha za vidole, akalisugua taratibu, namna alivyokuwa akisugua kitambaa dukani kujua ni pamba au si pamba. "Pacha walipokuja na watoto," alisema, "yule mdogo alilia nilipombeba. Nikasema ana usingizi."

Mama Pacha alikumbuka. Yeye ndiye aliyempokea yule mtoto, na yeye pia alisema ana usingizi.

Hawakuacha kazi siku ileile. Shemeji alipopata habari alikuja kusimama nyuma ya kaka yake, akawatolea wateja vichekesho, akakatika kiuno na nywele zake za mvi, na watu wawili watatu walitoka wakicheka kweli. Kisha lori likapata mzigo wa mbali, akaondoka. Siku zake za mapumziko Mama Pacha alichukua nafasi hiyo. Alisimama nyuma ya mumewe na kuwachekea watu ukutani. Lakini alikuwa ametoka kusimama wiki nzima na pasi, na kucheka kwa kuamrishwa si kucheka; nao wateja walipomwona anavyojilazimisha walimwonea huruma, na huruma ikaonekana kwenye picha.

"Acha," Fundi alimwambia jioni moja. Sauti nayo ilikuwa imeanza kushuka, ilibidi mkewe amsogelee. "Unawachekea watu kwa niaba yangu kama mimi maiti."

"Si hivyo, mume wangu."

"Najua si hivyo. Acha tu."

Kwa muda alipiga vitu. Alivisha sanamu lake la kushonea nguo zilizobaki bila wenyewe, akazipiga picha. Hakuna aliyezitaka, na yeye hakusema kama anazitaka. Miguu yake ikaanza kugandia mlangoni, akakwama bila kuweza kuvuka, mtu aliyetaka kupita ilibidi ajipinde. Kamera ikakaa kabatini, na kila Mama Pacha alipofungua kabati kutoa shuka aliiona, akafunga.

Ilikuwa ni Fundi mwenyewe aliyesema iuzwe kabla haijaota ukungu. Shemeji alimtuma mwalimu wa chekechea aliyekuwa anatafuta ya kuanzia. Alikuja akiwa na mori, mkononi ana simu yenye picha za kamera alizokuwa akizilinganisha. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Wameniambia nitafute yenye megapikseli nyingi," alisema. "Na lenzi ya kuvuta."

Fundi alisema neno. Mwalimu hakusikia. Mama Pacha alisogeza sikio, akayatoa maneno kwa sauti yake. "Anauliza unataka kupiga nini."

"Watoto wangu wa darasani."

Fundi alizungumza tena, kidogo kidogo, mkewe akifuatisha. Kwamba watoto hawatulii, hivyo kitulizo cha lenzi hakitamsaidia, maana kinatuliza mkono wa mpigaji, hakitulizi mtoto. Kwamba ile ya hamsini inatosha, awapige karibu na dirisha. Kwamba ashuke chini, magoti yake yaguse sakafu, macho yake yawe sawa na yao. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Alimtazama zaidi Mama Pacha kuliko Fundi.

"Naweza kuijaribu?"

Alikuwa amekwisha kuiinua kamera kutoka mezani. Aliizungusha chumbani, kwenye dirisha, kwenye kabati, halafu ikafika kwa Fundi aliyekaa kwenye kiti chake, na hapo ikasimama. Aliminya kitufe nusu. Ilisikika ile sauti ndogo ya kamera ikishika uso. Kisha akaishusha.

"Samahani, mzee. Nimekuudhi?"

"Hujamuudhi," alisema Mama Pacha haraka. "Amefurahi. Ndivyo alivyo siku hizi. Piga tu."

Mwalimu alitabasamu kidogo, akaitazama kamera mikononi mwake kama anayekagua mikwaruzo. Hakupiga. Alisema inafaa, akalipa, akasaidiwa kuiweka kwenye mfuko na stendi yake, akaaga kwa heshima zote, kwanza mama, kisha mzee.

Mama Pacha alimsindikiza mpaka mlango wa nje. Aliporudi, Fundi alikuwa palepale, uso palepale, mkono wa kulia ukisokota juu ya goti. Mkewe alivuta kigoda akakaa mbele yake, karibu, magoti yakigusana.

"Umehuzunika?" alimuuliza.

Midomo ya Fundi ilitikisika. Alisema kitu kifupi. Mama Pacha aliinamia mdomo wake.

"Sijasikia, Baba Pacha. Sema tena."

Alisubiri. Nje jirani wa mitumba alikuwa anacheka na mtu, kicheko kile cha kusikika nyumba ya tatu. Fundi Pindo aliendelea kumtazama mkewe bila kupepesa, na hakurudia.